Kwa nini mgebuka wa mwaloni ni mtamu kuliko wa hotelini? Na wapi pa kula vizuri Kigoma na Ujiji

Mgeni_wa_Mwanga (mleta mada)
Wakuu habari za saa hizi. Nimehamia Kigoma kikazi nikitokea Tanga, nakaa Mwanga. Mimi mtu wa pwani, samaki nimelelewa nao, changu, tasi, nguru, pweza, vyote navijua. Sasa huku kuna jambo linanisumbua. Nikila mgebuka kwenye hizi hoteli za mjini zenye vitambaa mezani naona ni samaki wa kawaida tu, mkavu, mpaka uombe mchuzi pembeni. Nikishuka Kibirizi nikala kwa mama lishe karibu na mwalo, pale boti zinaposhusha samaki, samaki yule yule, ukubwa ule ule, ni kitu kingine kabisa, nakula mpaka kichwa. Na bei iko chini. Naomba wenyeji mnieleze tofauti inatoka wapi, na mnitajie sehemu za kula maana chipsi mayai zimenichosha.

Kibirizi_Damu #2
Karibu Kigoma mwisho wa reli. Jibu ni fupi mkuu. Wa hotelini amelala kwenye friza, wa mwaloni katoka majini usiku wa kuamkia leo. Hamna kingine.

Binti_Ujiji #3
Kibirizi_Damu umewahi kufunga mjadala. Mimi nina friza nyumbani, naweka migebuka, nikiitoa nikaipika bado inapita ya hotelini. Kinachoharibu ni mafuta. Hotelini wanakaangia mafuta meupe ya dukani kwa kuogopa wageni watalalamika harufu. Mgebuka akaangwe kwa mawese, tena mawese yaliyoiva sawasawa jikoni, uyaache kwenye karai mpaka ile rangi nyekundu ipungue na moshi uanze kutoka ndio utie samaki. Ukitia kabla mafuta hayajaiva unapata samaki mwenye harufu nzito ya mawese mabichi na mgeni atakimbia kweli.

Mtu_wa_Katonga #4
Dada Binti_Ujiji heshima yako lakini hapo sikubaliani. Mawese ni ya dagaa wabichi, ya maharage na ya sombe (kisamvu). Mgebuka anachomwa. Njoo Katonga jioni uone wanavyofanya, anapasuliwa tumbo anaoshwa, anachanjwa mistari pande zote mbili, anapakwa chumvi na ndimu anaachwa kidogo chumvi iingie, alafu anawekwa kwenye wavu juu ya mkaa ambao umeshashika majivu, sio wenye moto mkali. Mgebuka ana mafuta yake mwenyewe, unasikia yanadondoka kwenye mkaa yanalia, ule moshi unaopanda ndio unampa ile harufu. Mama anamgeuza mara moja tu, akimgeuza mara nyingi anakatika maana ni mrefu na mwembamba. Ngozi inakuwa kama karatasi. Hapo weka ugali wa muhogo wa moto na pilipili ya kusaga na nyanya, umemaliza.

Hotelini wana jiko la gesi. Watatoa wapi huo moshi?

Mgeni_wa_Mwanga #5
Mtu_wa_Katonga umenitoa mate kazini hapa. Lakini wa Kibirizi niliyekula mimi alikuwa wa kukaanga sio wa kuchoma, na bado alikuwa mtamu. Kwahiyo moshi peke yake hautoshi kuwa jibu.

Binti_Ujiji #6
Ahsante! Mleta mada mwenyewe kasema.

Mzee_wa_Reli #7
Vijana mnasahau chumvi. Nimefanya kazi kwenye treni miaka mingi hii njia ya kati, najua vilivyokuwa vinapanda na kushuka kila stesheni. Uvinza pale kuna chemchemi za maji ya chumvi, watu wameyapika kutoa chumvi tangu kabla ya Mjerumani kuja, na wafanyabiashara walikuwa wanaifuata kutoka mbali mpaka ng'ambo ya ziwa. Chumvi ile haikuwa na uchungu. Kina mama wa mwaloni walikuwa wanatumia hiyo, hoteli zinanunua ya pakiti inayotoka baharini. Samaki ni yule yule, chumvi siyo ile ile.

Kibirizi_Damu #8
Shikamoo mzee. Siku hizi hata mama lishe wananunua ya pakiti dukani, nimeona kwa macho.

Mzee_wa_Reli #9
Marahaba. Wengine ndiyo, wote hapana. Nenda kamuulize aliyezidi umri wa miaka hamsini.

Mnyamwezi_Kamili #10
Nasoma kutoka Tabora, Isevya. Watani zetu mnabishania samaki wakati mkija kwetu mnafagia sahani za wali na kuku wa kienyeji hamkumbuki ziwa. Mimi naona sababu ni maji yenyewe. Ziwa Tanganyika ndio lenye kina kirefu kuliko yote duniani, huko chini kuna baridi kali, samaki wa baridi ana mafuta mengi. Akifika Tabora keshapoteza mafuta njiani.

Mwalimu_Baiolojia #11
Mnyamwezi_Kamili ngoja nirekebishe mambo matatu. Kwanza ni la pili kwa kina duniani, la kwanza ni Baikal la Urusi. Letu lina mita 1,470 pale penye kina zaidi. Pili, huko chini hakuna baridi ya kutisha, juu maji yana nyuzi 25 mpaka 27 hivi na chini kabisa ni kama 23, tofauti ndogo sana. Tatu, mgebuka hakai huko chini. Huku kwetu kaskazini ukishapita mita mia na kitu oksijeni inaisha, samaki hawezi kuishi. Yaani sehemu kubwa ya ziwa lile ni maji matupu yasiyo na samaki, wote tunaowala wanaishi kwenye tabaka la juu.

Mnyamwezi_Kamili #12
Sawa mwalimu. Ila mafuta anayo, na wa kwetu wanafika wakavu. Hilo halijajibiwa.

Mwalimu_Baiolojia #13
Mafuta anayatoa kwenye chakula. Mgebuka anawinda dagaa, na dagaa wa Kigoma mnawajua wenyewe walivyo na mafuta. Mahali penye dagaa wengi mgebuka ananenepa. Mimi ningeanzia hapo kabla ya jiko na chumvi.

Mfipa_wa_Kasanga #14
Mwalimu hapo umegusa kwetu. Huku kusini mgebuka anakula sana uduvi kuliko dagaa, na sisi tunasema wa kwetu ndio mtamu. Kwahiyo kama ni chakula cha samaki mbona kila mtu anasifia wa kwao?

Mwalimu_Baiolojia #15
Ni kweli kusini uduvi ndio mwingi kwenye matumbo yao, hilo limeandikwa na watafiti wa ziwa. Kuhusu nani mtamu zaidi mimi sijala wa Kasanga, nikaribishe.

Mfipa_wa_Kasanga #16
Karibu sana, ila uje na muda, barabara ya huku sio ya kuja na kurudi siku hiyo hiyo.

Taa_za_Usiku #17
Nimesoma wote hamna aliyetaja mwezi. Mimi natokea familia ya wavuvi. Uvuvi wetu ni wa taa, zamani karabai siku hizi taa za sola na betri. Taa inavuta dagaa gizani, mgebuka anafuata dagaa, wanakutwa pale pale. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, samaki hawakusanyiki, boti zinapaki siku kadhaa mpaka giza lirudi. Sasa zile siku hoteli inauza nini? Inauza wa kwenye barafu. Mama lishe yeye hana friza, akikosa wa leo anakuandalia maharage, au perege, au anafunga banda. Ndio maana mwaloni hukutani na mgebuka mbaya, wakiwa hawapo hawapo.

Mleta mada kabla hujaenda kula angalia juu. Kama ni giza nenda. Kama mwezi ni mpevu kula kitu kingine.

Mgeni_wa_Mwanga #18
Hii ya mwezi sikuwahi kuifikiria kabisa! Ahsante mkuu. Kwetu baharini tunaangalia maji kupwa na kujaa, bamvua, lakini sikujua huku giza linaamua nitakula nini.

Kibirizi_Damu #19
Taa_za_Usiku kaeleza kwa urefu nilichosema #2. Friza.

Binti_Ujiji #20
Kuna siku ya giza nimekula hotelini, mgebuka wa asubuhi ile nimemuona anashushwa, na bado alikuwa mkavu. MAFUTA jamani.

Mama_Wawili_Gungu #21
Mimi naona ni mpishi. Hotelini wanamkaanga asubuhi anakaa kwenye kabati la kioo, ukiagiza mchana wanamtumbukiza tena kwenye mafuta. Samaki aliyekaangwa mara mbili atakuwaje na maji? Mama lishe anamkaanga ukiwa umekaa mbele yake, anakuogopa maana unamuona.

Mtu_wa_Katonga #22
Mama Wawili umesema kweli tupu.

Afya_Kwanza #23
Wote mnasifia mwaloni, niseme la kwangu bila kumkera mtu. Angalieni maji. Mnakumbuka kipindupindu cha 2015 kilichoanzia Kagunga kule mpakani wakati wakimbizi wa Burundi walipokuwa wengi ufukweni. Samaki aliyeiva kwa moto hana shida, shida ni kachumbari iliyooshwa kwa maji ya ziwa na maji ya kunawa kwenye beseni moja watu kumi. Mimi nala Kibirizi, ila nakaa kwa mama mwenye ndoo ya koki na sabuni, na kachumbari nasema asiniwekee.

Mgeni_wa_Mwanga #24
Ushauri mzuri. Niliyekula kwake alikuwa na ndoo ya koki, nitaendelea naye. Haya sasa wakuu, nusu ya pili ya swali langu. Sehemu.

Mtu_wa_Katonga #25
Samaki wa kuchoma jioni njoo Katonga, fika jua halijazama maana giza likiingia wavuvi nao wanajiandaa kutoka na kina mama wanafungasha. Asubuhi supu ya samaki Kibirizi, kuanzia boti zinaporudi. Kuhe ukimkuta usimwache, yule mkubwa mwenye nyama nyeupe, chukuchuku na ndimu na pilipili. Sangala kwa mchuzi. Mchana mjini zunguka soko la Mwanga, nyuma ya soko kuna kina mama wana dagaa wabichi, sombe iliyotwangwa ikaungwa kwa mawese na karanga, na ugali wa muhogo. Hoteli za mjini kunywa chai.

Kasulu_Juu #26
Umesahau maharage. Maharage ya huku juu Kasulu na Kibondo yaliyoungwa mawese na ndizi za kuchemsha, mtu anasahau samaki. Kigoma sio ziwa tu.

Binti_Ujiji #27
Na Ujiji mmeiruka yote! Jioni Ujiji ni vitumbua, maandazi ya iliki, chapati, mishkaki, mihogo ya kukaanga, pilau siku za shughuli. Mgeni_wa_Mwanga wewe mtu wa Tanga ukija Ujiji utajiona uko kwenu.

Mgeni_wa_Mwanga #28
Nilipita Ujiji nikashangaa, kanzu, baibui, vibarazani watu wamekaa na kahawa, vitumbua vile vile vya kwetu. Kilomita zaidi ya elfu moja kutoka baharini! Imekuwaje?

Mzee_wa_Reli #29
Misafara. Waswahili na Waarabu wa pwani walitoka Bagamoyo wakapita Tabora wakafika Ujiji, na wapishi wao, na wake zao, na dini yao. Njia nzima utaona miembe waliyoacha. Livingstone alipofika Ujiji mwaka 1858 aliwakuta.

Mwalimu_Baiolojia #30
Mzee wangu, waliofika 1858 ni Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza. Livingstone alikutana na Stanley hapo Ujiji 1871. La misafara ni sahihi.

Jirani_wa_Ngambo #31
Msisahau na sisi wa upande wa Kongo. Hiyo sombe na mawese na ugali wa muhogo mnaoujivunia tunapika hivyo hivyo Kalemie na Uvira. Bujumbura wana mgebuka wanamuita mukeke, wanamchoma vizuri sana. Ujiji ni pwani imekutana na Kongo kwenye sufuria moja. Ndio maana vitumbua viko na sombe iko.

Binti_Ujiji #32
Mimi naongeza, sio misafara tu, ni akina bibi. Misafara imekufa zamani, vitumbua vipo kwa sababu kila msichana Ujiji anafundishwa kabla hajaolewa. Bibi yangu hakuwahi kuiona bahari.

Mnyamwezi_Kamili #33
Na Tabora misafara si ilipita pia, Kwihara pale, mbona hamtutaji? Kwetu kuna wali wa Igunga na Nzega, mvua zikianza uyoga wa miomboni unapikwa na karanga, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa) na chai asubuhi, nsansa (mboga za majani zilizokaushwa). Samaki tunapata wa Igombe na wanaopandishwa Nguruka kutoka Sagara. Wa Tanganyika anakuja kama mgeni.

Mgeni_wa_Mwanga #34
Nikishuka Tabora nitakutafuta mkuu. Ngoja niseme kitu kimoja ambacho kinaniuma. Zanzibar kuna Forodhani, mbele ya Beit el Ajaib, jioni watu wanakuja na familia, kuna urojo, mishkaki, pweza, miwa ya kukamua, taa zimewaka, watoto wanaruka majini. Bustani ile ilikarabatiwa ikafunguliwa tena 2009. Kigoma mna mwambao mzuri kuliko sehemu nyingi nilizopita, jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, samaki wako hapo hapo, lakini mtu na mke wake na watoto hana pa kukaa jioni akala samaki aliyepikwa na mama lishe. Ama ukae kwenye benchi katikati ya dagaa walioanikwa, ama uingie hotelini ukale mkavu. Hakuna katikati. Kwa nini?

Kibirizi_Damu #35
Hapo sasa umeleta mada mpya kubwa kuliko ya mwanzo.

Mama_Wawili_Gungu #36
Naunga mkono. Mimi nina watoto, Kibirizi siwezi kwenda nao jioni, nyavu, magari ya kubeba mizigo, boti zinapakia za kwenda vijiji vya kaskazini. Kungekuwa na sehemu imesakafiwa, maji ya bomba, choo, taa, kina mama wakapewa meza kwa ushuru mdogo, kila jumamosi ningekuwa hapo.

Taa_za_Usiku #37
Nina wasiwasi na hilo. Likijengwa tu ushuru unapanda, mama lishe wa kweli anashindwa kulipa, anaingia mwenye mtaji na friza, tunarudi hotelini kwa jina lingine. Nimeona soko moja mkoa mwingine lilivyojengwa upya, wale wa mwanzo nusu hawakurudi.

Mtu_wa_Katonga #38
Na mwalo ni wa kazi. Wavuvi wanahitaji nafasi ya kuanika na kushona nyavu. Mkileta bustani wao waende wapi?

Mgeni_wa_Mwanga #39
Sijasema mwaloni. Pembeni yake. Na wasiwasi wa Taa_za_Usiku ni wa kweli, Forodhani pia bei zimepanda, mwenyeji anaenda kula kule sokoni Darajani. Lakini bado naamini meza ishirini za kina mama hawa hawa, wakapewa wao kwa majina yao, zingewezekana.

Stesheni_View #40
Mimi mngeweka pale karibu na bandari na stesheni. Unakula huku unaangalia Liemba, meli ya Mwingereza ya zamani kuliko zote.

Mzee_wa_Reli #41
Meli ya Mjerumani kijana. Ilitengenezwa Papenburg 1913, ikaletwa vipande vipande ikaunganishwa hapa Kigoma, ikashuka majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiiache mikononi mwa adui. Mwingereza aliiinua 1924, ikaanza safari tena 1927 kwa jina la Liemba. Nimekula wali na dagaa ndani yake, mpishi alikuwa wa Ujiji.

Binti_Ujiji #42
Mpishi wa Ujiji! Nimesema mimi.

Wakati_wa_Kufunga #43
Nimechelewa uzi. Kwenye sababu ongezeni na kufungwa ziwa. 2024 lilifungwa miezi mitatu, Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wapumzike wazaliane. Lilipofunguliwa nilikula mgebuka mnene sijapata kuona. Wanavuliwa wadogo mno siku hizi, mdogo hana mafuta, akikaangwa anakauka. Hoteli zinachukua wadogo kwa sababu anakaa vizuri kwenye sahani.

Taa_za_Usiku #44
Wakati wa kufungwa nyumbani kwetu tulikula kwa shida, niweke wazi. Lakini kwamba baadaye walikuwa wanene ni kweli.

Kibirizi_Damu #45
Mleta mada alisema ukubwa ule ule lakini.

Wakati_wa_Kufunga #46
Urefu ule ule. Unene aliupima?

Mgeni_wa_Mwanga #47
Sikupima, nilikuwa na njaa. Jumamosi naenda Katonga na kuhe nitamuulizia. Mwezi naona umepungua.

Taa_za_Usiku #48
Nenda, giza limeingia.

Mnyamwezi_Kamili #49
Kabla hamjaondoka, nataka dagaa wa kuagiza wafike Tabora. Mara ya mwisho walikuja na mchanga, watoto wakagoma. Nawajuaje wasio na mchanga?

Binti_Ujiji #50
Muulize muuzaji wamekaushwa wapi. Walioanikwa chini mchangani wana bei ndogo na utaosha mpaka uchoke, walioanikwa juu ya vichanja vya wavu ni safi. Asikujibu kwa maneno, chukua kiganja kimoja tia kwenye bakuli la maji meupe, koroga, subiri watulie, angalia chini ya bakuli. Na wavunje mmoja, aliyekauka vizuri kwa jua anakatika na ana rangi ya fedha, mwenye rangi ya kahawia alinyeshewa. Nitumie inboksi nikuunganishe na shangazi yangu, mizigo anaipeleka stendi mwenyewe. Na wewe ukirudisha gari lisije tupu, weka asali.

Mnyamwezi_Kamili #51
Ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo?